Ilianza lini? Maswali tunayoulizwa kila siku kwenye benchi la wagonjwa, Kigoma

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yametoka benchini, dirisha la dawa, kliniki ya wajawazito na mengine getini, mtu akiwa tayari ameshika mfuko wa dawa anataka kuondoka. Nimeyaandika mimi muuguzi, daktari wa zamu akayapitia. Visa vya wagonjwa vimo kwa ridhaa yao au ya ndugu zao, na majina na vijiji tumeviacha. Kusoma hapa hakuchukui nafasi ya kupimwa.

Mbona kila ninayemfikia ananiuliza "ilianza lini"? Nimemjibu wa mapokezi, nikamjibu nesi, na daktari naye anarudia.

Tunarudia kwa sababu majibu hubadilika. Mapokezini mama anasema "jana". Akipimiwa mtoto joto, inakuwa "juzi". Akishakaa mbele ya daktari, mlango umefungwa, siku zinafika tano, na ndani ya siku hizo tano mna duka la dawa, mna bibi aliyechemsha majani, mna vidonge viwili vilivyobaki kwenye dozi ya dada yake. Hatumwiti mwongo. Kuna sababu ya watu kusema "jana", na tutaifikia chini huko, maana kosa kubwa ni letu.

Tarehe ni kipimo, tena hakilipiwi. Homa ya siku moja kwa mtoto wa miaka miwili mara nyingi inaishia kwenye vidonge na kurudi nyumbani. Homa ya siku tano kwa mtoto yuleyule, hata kama vimelea ni haohao, inatufanya tutafute upungufu wa damu, sukari iliyoshuka na figo. Kikohozi cha siku nne tunakisikiliza kwa kifaa tu. Kikifika wiki mbili tunaomba makohozi. Mjamzito ambaye chupa imepasuka jana asubuhi na ambaye imepasuka saa moja iliyopita hawashughulikiwi kwa namna moja. Na aliyeumwa na nyoka hatumhesabii siku, tunamhesabia saa.

Mtoto amechemka usiku. Nisubiri kuche?

Kama ananyonya au anakunywa, anakutazama na hajatapika kila kitu, mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, mpunguze nguo, andika saa uliyompa, na kukicha umlete. Usimfiche na kipimo kwa siku tatu ukisema joto limeshuka. Parasetamoli inashusha joto, vimelea haigusi.

Usisubiri kuche kama ana degedege, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, anapumua kwa shida, amelegea au haamshiki. Hapo gonga mlango wa mwenye bodaboda.

Tunasisitiza kwa sababu ya mahali tulipo. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi nzima: karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa umri wa chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Huku, homa ya mtoto tunaianzia malaria hadi kipimo kitukanushe.

Kipimo hakijaona malaria lakini naumwa kweli. Si mnipe dawa tu?

Hapana. Kipimo kikisema hakuna, kazi yetu ni kutafuta kinachokuumiza, siyo kukufunga mdomo kwa mseto. Inaweza kuwa mapafu, mkojo, koo, au virusi tu vinavyopita vyenyewe. Umepewa dawa ya malaria isiyokuhusu, umeondoka umeridhika, kumbe nimonia inaendelea na kazi yake.

Na hapa niseme jambo ambalo halitawafurahisha wengi: "malaria na taifodi" havitembei pamoja kama mapacha. Kile kipimo cha taifodi cha tone la damu, kinachosomwa kwa dakika chache na kuandikwa namba kama 1:160, kinadanganya mara nyingi. Kinaweza kuonyesha ugonjwa uliokupata miaka iliyopita, au ambao hujawahi kuwa nao. Ukiletewa karatasi hiyo peke yake, uliza maswali kabla ya kununua dawa za siku kumi na nne.

Nilimaliza dozi wiki mbili zilizopita, nikapima tena dukani, bado inaonyesha malaria. Nimeuziwa dawa feki?

Pengine wala. Kipimo cha haraka, kile cha mistari miwili, kinatafuta protini inayotolewa na kimelea. Kimelea akifa, protini yake inabaki kwenye damu wiki kadhaa. Ni kama kuingia jikoni ukasikia harufu ya migebuka: haina maana kwamba samaki bado yuko sufuriani. Kama unajisikia vizuri, hukuwa na sababu ya kupima tena. Kama homa imerudi, njoo tuangalie damu kwa darubini, maana darubini inamwona kimelea mwenyewe.

Mseto unamezwaje hasa? Kila mtu ananiambia lake.

Dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza mara tu unapoipata, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mzima ni vidonge vinne kila mara, jumla 24. Saa 8 hizo watu huziruka: kama umemeza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, siyo "usiku nikilala".

Meza baada ya kula kitu chenye mafuta, kwa kuwa dawa hii bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Wagonjwa wa mikoa mingine huambiwa watafute maziwa. Sisi wa Kigoma tuna mawese, na mboga iliyoungwa kwa mawese inatosha kabisa. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akitapika tena, mlete.

Vidonge vya siku ya tatu usivitunzie mgonjwa mwingine. Hivyo ndivyo tunavyokutana navyo kwenye hadithi za "vidonge viwili vya dada".

Ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa?

Hili swali halitoki kwa wajinga. Linatoka kwa watu walioona kwa macho yao. Jirani alimpeleka mtoto mwenye degedege hospitali, akachomwa sindano, akafa. Kilichoonekana mwisho ni sindano, basi sindano ikabeba lawama. Kisichosimuliwa ni siku zilizotangulia: mtoto alianza na homa Jumatatu, Jumatano akakakamaa, akapelekwa kufukizwa na kuogeshwa dawa, Ijumaa akaletwa kwetu akiwa hana fahamu na damu imeisha. Tulichoma sindano kwa kuwa hawezi kumeza. Tulichelewa sote.

Degedege lenyewe, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mara nyingi ni ubongo mchanga kushindwa kuvumilia joto linalopanda ghafla. Hilo hupita kwa dakika chache na mtoto akaamka analia. Lakini kwenye mkoa wenye malaria kama wetu, degedege linaweza kuwa malaria iliyofika kichwani, na kwa kutazama tu huwezi kuyatofautisha, hata mimi siwezi. Ndiyo maana tunatoboa kidole kwanza: malaria, sukari, wingi wa damu.

Likimpata nyumbani: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, tazama saa. Likizidi dakika tano, au likirudi, au likikoma lakini haamki, ni dharura. Njiani mlaze ubavu hivyo hivyo.

Tuliwahi kupokea bibi aliyemleta mjukuu kwa boti kutoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Alikubali kila kitu isipokuwa sindano. Akasema, "Mwanangu, nipe vidonge, sindano hapana, nimezika mmoja." Mtoto alikuwa haamki, vidonge vingemezwa na nani? Daktari hakubishana naye. Alimwonyesha namba ya sukari kwenye kipimo, akamwambia mtoto huyu sukari yake imeshuka na wadudu wamejaa, hizi mbili zinaua sasa hivi, sindano au hakuna. Bibi akashika mguu wa mtoto muda wote, akasema kama ni kufa afe mikononi mwangu. Artesuneti ya kwanza, baada ya saa 12 ya pili, saa 24 ya tatu. Siku iliyofuata jioni mtoto akaomba uji. Miezi michache baadaye bibi yule akarudi. Safari hii alikuwa amemleta mke wa jirani yake na mtoto mwenye homa ya siku moja. Alijibu yeye kabla sijauliza: "Imeanza jana jioni, baada ya magharibi."

Kuna pia mganga mmoja ambaye siku hizi hututumia watoto kwanza, kisha wazazi wakitaka wanarudi kwake. Hatuna ugomvi naye.

Mwanangu anaharisha na ana homa, bibi anasema ni meno ya plastiki yang'olewe.

Usikubali. Uvimbe mweupe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno yake halisi, machonge, yakisubiri zamu. Hakuna plastiki. Kuharisha na homa vina sababu yake, na sababu hiyo haikai kwenye fizi. Tunaowapokea baada ya kung'olewa huja na damu iliyomwagika, fizi zilizooza, wakati mwingine maambukizi yameingia kwenye damu, na kuharisha kuko palepale. Kadhalika kimeo: kukikata hakujawahi kuponya kikohozi.

Kuharisha kwa kawaida na kipindupindu nitavitofautishaje?

Kipindupindu hakisubiri. Choo kinakuwa maji matupu kama ya kuoshea mchele, mara kwa mara, mara nyingi bila maumivu ya tumbo wala homa, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kulegea macho yakadidimia kabla ya jua kuzama. Ukikiona hicho usianze kuuliza ni nini. Anza kumnywesha ORS hapo hapo na safari ianze, akiendelea kunywa njiani.

Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Usigawe pakiti nusu "ili ibaki". Ikipita siku moja, mwaga tengeneza nyingine. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, siyo vya kilima. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee kwa kijiko, polepole. Kunyonya kusikatizwe. Watoto tunawapa na zinki, siku 10 hadi 14, na hapo ndipo wazazi wengi huishia njiani: kuharisha kukikoma siku ya tatu, zinki inawekwa kabatini. Imalize.

Watu wa hapa hawahitaji kuhubiriwa kuhusu kipindupindu. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, barabara hakuna, vyoo havitoshi, maji ni yaleyale ya ziwani. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inapiga safari kuwaleta mjini, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Waliohudumia kipindi kile wanakumbuka kwamba dawa kubwa ilikuwa maji na chumvi, ya kunywa kwa anayeweza na ya mshipa kwa asiyeweza.

Mume wangu mvuvi tumbo limejaa, juzi katapika damu. Ndugu wanasema karogwa na wenzake wa mtumbwi. Mnatibu?

Mlete leo. Kutapika damu ni dharura, awe karogwa au hakurogwa.

Tunachokiona mara nyingi kwa wanaume wa pwani ya ziwa wenye hadithi hiyo ni kichocho cha tumbo. Wengi wanakijua kichocho cha mkojo wenye damu. Hiki cha ziwani kwetu hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kutuma mayai kwenye ini. Mnyoo anaanzia kwa konokono wadogo wa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, anatoka, anaingia kwenye ngozi yako ndani ya dakika chache ukiwa unaosha vyombo, unavuta nyavu au unaoga. Huumwi. Labda muwasho kidogo. Miaka inapita, mayai yanaacha makovu kwenye ini, damu inakosa njia, inajilazimisha kupita kwenye mishipa ya koo la chakula, mishipa inavimba, siku moja inapasuka. Ndiyo damu hiyo. Ikibaki tumboni choo kinakuwa cheusi kama lami.

Mgonjwa wetu mmoja, mvuvi wa dagaa wa miaka thelathini na kitu, alikuja na uwekundu wa beseni zima. Alipoulizwa ilianza lini akasema, "Usiku wa leo." Ni kweli, damu ilianza usiku. Lakini mama yake aliyekuwa nyuma akasema: tumbo hili lina miaka mitatu, na choo cha damu alikuwa nacho tangu yuko shule. Tulimwongezea damu, tukamtuliza, akaenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa rufaa kufungwa ile mishipa. Anaendelea kuvua, ila ini lake halitarudi kuwa la ujana wake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo kwa mara moja, kwa vidonge vinavyopimwa kwa uzito, makovu haiyafuti. Kama angeimeza akiwa shule, mambo yangekuwa mengine.

Kwa hiyo mtoto akileta karatasi ya shule kuhusu dawa za kichocho, mruhusu, na mpe chakula kabla, maana wakimeza na njaa wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mtaa mzima unasema dawa ni sumu. Maji ya ziwa yakikaa siku mbili kwenye ndoo iliyofunikwa, vijidudu vya kichocho hufa. Kwa kuogea yanafaa. Kwa kunywa bado yachemshwe. Na choo ni choo, siyo ufukweni.

Ameumwa na nyoka shambani. Tumfunge kamba?

Msimfunge, msimchanje, msinyonye, msimbandike jiwe la nyoka. Mvueni pete, bangili na viatu kabla ya kuvimba, mguu usitembee, abebwe. Andikeni saa. Kumkamata nyoka si lazima, tumeshapokea wawili kwa nyoka mmoja kwa sababu hiyo. Akifika tunaweka damu yake kidogo kwenye chupa safi ya kioo, tunaiacha dakika 20 bila kuigusa, kisha tunaiinamisha: ikimwagika kama maji haijaganda, sumu imeharibu damu. Ndiyo maana unatuona tumekaa tunatazama chupa huku ndugu wanapiga kelele kwamba hatufanyi kitu. Dawa ya sumu ya nyoka haipo kila kituo. Aliyeko mbali apige simu kwanza aulize iko wapi.

Nianze kliniki ya ujauzito mwezi wa ngapi?

Kabla ya wiki 12. Najua wengi mnangoja "ionekane" ili watu wasiseme. Njoo kimyakimya, hatutangazi. Tarehe ya mwisho ya hedhi ndiyo tunayoitaka zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo iandike hata nyuma ya daftari la vikoba. Kuanzia wiki ya 13 utaanza kumezeshwa SP ya kukinga malaria, kila baada ya mwezi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua.

Kuumwa kichwa kusikoisha, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, damu ukeni, mtoto kuacha kucheza: siku hiyo hiyo, siyo tarehe ya kliniki.

Binti mmoja wa kijiji kisicho na barabara alianza kuona maruweruwe mumewe akiwa ziwani. Mama mkwe akasema ni mashetani, akaandaa ubani. Wifi yake, ambaye hakumaliza hata darasa la saba, alimshika mkono akampeleka zahanati apimwe presha: 180/120. Wakapiga simu, wakatafuta mtumbwi wa injini, akafika kwetu saa saba usiku akiwa ameanza kukakamaa. Kifafa cha mimba. Sindano ya magnesiamu, dawa ya kushusha presha, upasuaji. Mtoto alizaliwa na kilo 1.9, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi wiki mbili, na mama mkwe ndiye aliyembeba zamu za mchana. Hajambo, anasumbua.

Na nauli ya usiku je?

Mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga akipata dharura, namba ni 115, haina malipo. Ndiyo m-mama, huduma ya usafiri wa dharura. Anayepokea huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Iandikeni ukutani kwa mkaa, siyo kwenye simu ya baba tu, maana baba yuko ziwani.

Nimekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Nikisema mtanifukuza?

Hatutakufukuza. Usiposema ndiyo hatari, kwa sababu tunaweza kukuongezea dripu ya uchungu juu ya uchungu, na kizazi kikapasuka. Sema ulikunywa nini na saa ngapi. Basi.

Damu inauzwa? Mbona mnaomba ndugu waje kuchangia?

Haiuzwi. Ukiombwa hela ya chupa ya damu, uliza jina la anayeomba na uende ofisi ya mganga mfawidhi. Tunaomba ndugu kwa sababu friji haijazi yenyewe na damu hukaa siku 35 tu, ikipita inamwagwa. Mchangiaji ni wa miaka 18 hadi 65, kilo 50 na kuendelea. Mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Msimu wa mvua watoto wa malaria wanaishiwa damu kwa wingi, na shule zikifungwa wachangiaji wetu wakubwa wanaenda makwao. Vitu hivi viwili vikikutana, wodi ya watoto ni mahali pagumu.

Nakohoa wiki ya tatu, lakini sina damu kwenye makohozi.

Damu siyo sharti. Wiki mbili zinatosha kuleta makohozi. Kifua kikuu kinatibiwa bure, miezi sita, na watoto unaolala nao nyumba moja nao tutawaangalia.

Presha imeshuka, niache dawa?

Imeshuka kwa sababu unameza. Usiache.

Nije na nini nikija kutibiwa?

Kadi au daftari la nyuma, pakiti za dawa zote ulizomeza hata zile tupu, kadi ya bima kama unayo, na mtu anayejua habari za mgonjwa. Anayejua, narudia. Mara nyingi mtoto huletwa na shangazi aliyefika jana kutoka Kasulu, tukiuliza anatapika mara ngapi anampigia mama simu.

Mbona manesi mnatukaripia?

Nilisema tutafika hapa.

Usiku mmoja nilikuwa wodi ya watoto. Mama mmoja aliniambia mwanawe ameharisha tangu jana, nikaandika "siku 1". Saa tisa usiku, nikipita na tochi, nikamsikia akimsimulia mwenzake wa kitanda cha pili: siku nane. Nilikaa kitandani kwake nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliniambia jana. Akasema mtoto wake wa kwanza alipougua, alisema ukweli kwenye kituo fulani, na nesi akamjibu mbele ya watu, "Siku zote hizo ulikuwa wapi, unasubiri afe ndiyo uje?" Toka siku ile alijua kwamba "jana" ndilo jibu lisilotukanisha.

Niliona aibu, kwa sababu maneno hayo hayo nimewahi kuyasema mimi. Zamu ndefu, wagonjwa wengi, mtoto anakufa kwa kitu ambacho vidonge vya siku tatu vingekimaliza, hasira inamwangukia aliye karibu. Lakini alikuwa wapi? Alikuwa anatafuta nauli. Alikuwa anamsubiri mume arudi ziwani. Alikuwa dukani akinunua vidonge vya bei anayoiweza. Tuliyabadilisha matibabu ya yule mtoto usiku ule ule, na siku hizi sisemi "ulikuwa wapi". Nauliza, "Kabla ya kuja hapa mlijaribu nini?" Mtu anafungua mfuko na kunionyesha. Ukikutana na nesi anayekukaripia, mwambie, "Dada, nimekuja," kisha endelea kumpa tarehe ya kweli. Na malalamiko yapeleke ofisi ya muuguzi mkuu, yanasomwa.

Sikumbuki tarehe kabisa. Nitasemaje?

Usikisie. Tupe alama uliyonayo, tutahesabu sisi. Ilikuwa kabla au baada ya Ijumaa ya mazishi ya fulani? Kabla ya mahindi kupandwa? Mvuvi mmoja mzee wa Kibirizi aliletwa na homa na manjano machoni, watoto wake wakabishana wiki moja au mbili. Yeye, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusumbuliwa, akasema: "Ilinianza usiku wa pili wa mbalamwezi, tulikuwa tumepandisha mitumbwi." Dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mweupe, kila mtu Kigoma anajua, na mitumbwi hupandishwa ufukweni. Daktari akafungua kalenda kwenye simu, akatafuta mwezi mpevu, akahesabu kwa kidole. Siku kumi na moja. Akaandika.